MissingNo. hana siri, ana baiti

Kuna swali linalonifikia kila baada ya miezi michache, tangu watu wajue kwamba kazi yangu ni kuandika programu na kwamba napenda gemu za zamani: eti ni kweli MissingNo. ni mzimu wa mtoto wa Kangaskhan? Leo nalijibu mara moja, ili siku nyingine nikiulizwa niwaelekeze hapa. Hapana, si kweli. Na nadhani wanaolieneza jambo hili wanawanyima vijana utamu ulio mkubwa kuliko hadithi yenyewe.

Kwa ambao hawajui tunazungumzia nini: gemu za kwanza za Pokémon zilitoka Japani Februari 1996, zikafika Marekani Septemba 1998 kwa majina Red na Blue. Zilichezwa kwenye Game Boy (sisi wengine tulizichezea kwenye tarakilishi ya saiba, kwa emuleta, huku dakika zikihesabiwa). Unazunguka nchi ukikamata madubwana, jumla yake 151. Halafu yuko wa 152 ambaye hamo kwenye orodha. Anafanana na kipande cha skrini iliyoharibika, chenye umbo la herufi L iliyogeuzwa. Jina lake MissingNo., yaani nambari inayokosekana.

Nadharia inayopendwa kuliko zote ni hii. Kuna dubwana dogo, Cubone, linalovaa fuvu la mama yake aliyekufa. Hilo si uvumi, gemu yenyewe inasema. Kuna dubwana jingine, Kangaskhan, linalobeba mtoto mfukoni kama kangaruu. Mashabiki wakasema Cubone ni mtoto wa Kangaskhan aliyefiwa, na kwamba MissingNo. ndiye kiungo kilichofutwa kati yao kwa sababu hadithi ilikuwa na huzuni kupita kiasi kwa watoto. Ushahidi wao: nduguye MissingNo., dubwana bovu liitwalo 'M, anaweza kugeuka kuwa Kangaskhan akipanda kiwango.

Inavutia, nakubali. Lakini gemu ile ile imeshamtaja mama. Ukifika mji wa Lavender unaambiwa kwamba mama wa Cubone aliuawa akiwakimbia majambazi wa Team Rocket, na mzimu wake unakutana nao mnarani. Ni Marowak, dubwana ambalo Cubone hugeuka akikua. Mama ana jina, ana kaburi, ana muuaji. Mtu akitaka huzuni, ipo pale pale mezani na haihitaji kufukuliwa. (Kuna wazimu mwingine wa Lavender, ule unaodai muziki wa mji ule uliua watoto Japani mwaka 1996. Uvumi huo ulisambaa kwenye intaneti mwaka 2010 na hauna ushahidi wowote. Kilichotokea kweli ni kipindi cha katuni ya Pokémon cha tarehe 16 Desemba 1997, ambapo mwanga wa kumetameta ulifanya watoto takriban 685 wapelekwe hospitali. Ilikuwa runinga, si gemu, na hakuna aliyekufa.)

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo penye nyama.

Game Boy ilikuwa na kilobaiti 8 tu za memori ya kufanyia kazi. Picha moja ya simu yako haingii humo hata ukiisukuma kwa mguu. Kwa hiyo watengenezaji walikopa nafasi, wakaazima tena na tena. Katika mji wa Viridian kuna mzee anayekuonyesha jinsi ya kukamata dubwana. Wakati wa onyesho, jina lako linaondolewa na la mzee linawekwa. Jina lako lihifadhiwe wapi? Wakaliweka kwenye sehemu inayotunza orodha ya madubwana ya porini. Ni salama kabisa, kwa sababu ukiingia eneo lingine lenye nyasi orodha mpya inaandikwa juu yake.

Isipokuwa usiingie kwenye nyasi. Ukiruka moja kwa moja hadi kisiwa cha Cinnabar, ambako hakuna nyasi, ukaogelea kwenye ufuo wa mashariki, vile vigae vya pwani vinaonekana kama maji lakini programu inavisomea orodha ya nyasi. Orodha hiyo sasa ni jina lako. Herufi ya pili inakuwa kiwango cha dubwana, ya tatu inakuwa aina yake, ya nne kiwango, ya tano aina, na kuendelea. Ndiyo maana watu walikuwa wanakutana na madubwana ya kiwango cha juu ya 128, ilhali gemu inaishia 100.

Na nambari za aina ni 190, si 151. Nafasi 39 zimebaki tupu, na zote zimepewa jina moja la kushikia mahali: MissingNo. Mwandishi yeyote wa programu ameshafanya hivyo. Unaweka "HAKUNA" au "JARIBIO" pale ambapo hakuna mtu anatarajiwa kufika.

Hata ule muujiza wa kuongeza vitu una maelezo. Wachezaji walimpenda MissingNo. kwa sababu ukikutana naye, kitu cha sita mfukoni mwako kinaongezeka kwa 128. Gemu inapokutana na dubwana inaweka alama ya "ameonekana" kwenye biti yake. Nambari ya MissingNo. katika orodha rasmi ni 0. Programu inatoa 1 ili kuanza kuhesabu kutoka sifuri, na katika baiti moja 0 kutoa 1 ni 255. Biti ya 255 iko mbali nje ya orodha, na inaangukia biti ya juu kabisa ya idadi ya kitu cha sita. Thamani ya biti hiyo ni 128. Mimi hilo bado linanifurahisha kuliko mzimu wowote.

Kwa nini nakereka basi, si ni mchezo tu? Kwa sababu tabia hii ya kuona nia ya mtu nyuma ya kila hitilafu haibaki kwenye gemu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na ofisi moja kuangalia mfumo wao wa mishahara. Ripoti ilionyesha wafanyakazi 213, wakati walikuwa 212. Huyo wa ziada hakuwa na jina, na alikuwa ameajiriwa tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Nchi hii yetu mnaijua: mfanyakazi hewa! Nilipofika, nadharia ilikuwa imekamilika. Karani wa mishahara, mama wa makamo, alikuwa na shemeji, shemeji alikuwa na deni, na ile saa tisa usiku ndiyo saa aliyoingia kwenye mfumo kuficha jina. Mama wa watu alikuwa amekaa nyumbani wiki mbili akingoja barua.

Tarehe 1 Januari 1970 ni sifuri ya kompyuta nyingi. Tarehe ikikosekana, mfumo unaandika sifuri, na sifuri kwa saa za Greenwich ni saa tisa usiku kwa saa za Nairobi. Jedwali walilokuwa wameingiza lilikuwa na mstari mmoja mtupu mwishoni. Hakuna senti iliyotoka. Kulifumbua kulinichukua chini ya saa moja. Kumshawishi bosi kulichukua siku nzima, kwa sababu hadithi ya shemeji ilikuwa tamu kuliko mstari mtupu. Karani alirudi kazini Jumatatu. Sijui kama kuna aliyemwomba radhi.

Sisemi mashabiki wa Cubone ni wabaya. Nasema tu kwamba swali "hii inamaanisha nini" linaulizwa mapema mno, kabla ya "hii imetokeaje". Na jibu la swali la pili mara nyingi lina watu halisi ndani yake. Mfano ni Mew. Uwanja mzima wa shule uliapa kwamba Mew amefichwa chini ya lori bandarini Vermilion. Lori lipo, chini yake hakuna kitu. Ukweli ni kwamba mwandishi programu Shigeki Morimoto alimtia Mew mwishoni kabisa, baada ya zana za kutafutia hitilafu kuondolewa na kuacha nafasi ya baiti 300 hivi. Kuongeza kitu baada ya majaribio kwisha! Kazini kwangu ningefukuzwa na kiti nikiwa nimekalia.

Hata zile nafasi 39 zina ukweli wake wa kuumiza kidogo. Baadhi yake bado zina data ya mlio. Picha hakuna, jina hakuna, lakini sauti imo. Kwa maoni yangu hayo ni mabaki ya madubwana yaliyokatwa, na mtu fulani alikaa akayachagulia namna ya kulia. Wakati huo Rhydon ana nambari 1 ya ndani na Kangaskhan ana nambari 2, bila mpangilio wowote wa orodha rasmi. Hiyo ni ramani ya kazi ya ofisi, na inasomeka kama daftari la mtu.

Ukitaka kujionea, tafuta Red au Blue, si Yellow, maana huko njia ya mzee imezibwa. Anza gemu kwa jina Onyango, herufi ya kwanza kubwa na nyingine ndogo. Lina herufi saba, linaenea sawasawa. Ile y ya tatu itakuletea MissingNo. mwenye sura ya mzimu, n ya tano Magnemite, o ya mwisho MissingNo. wa kawaida. Ukijiita Wanjiku hutamwona kwa herufi hizo, ila u ya mwisho ni Charizard wa kiwango cha 170. Weka Rare Candy nafasi ya sita, na fanya nakala ya sevu yako kwanza, kwa sababu picha yake ni kubwa kuliko nafasi iliyotengewa na humwagikia kwenye kumbukumbu za Hall of Fame.