Mnunuzi wa gari, kiti nacho kina bei

Tangu milango ya biashara ya nje ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika, mengi yakitoka Japani, yamekuwa bidhaa ya kudumu katika soko la Dar es Salaam. Mnunuzi kutoka Bagamoyo akifika yadi hufungua boneti, huulizia ulaji wa mafuta, huhesabu ushuru wa uchakavu na kupiga teke tairi. Kiti hukitazama rangi na usafi tu. Kwa maoni ya safu hii, hapo anakosea hesabu.

Dereva anayepeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2005, au anayefuata chumvi na samaki ukanda huo wa pwani, hukaa kitini saa nyingi. Mgongo wake ni mtaji kama ilivyo injini. Pingili 5 za kiuno zina mpindo wa kuingia ndani. Mtu akikaa mpindo hupungua, na mtikisiko wa barabara ya vumbi huongeza mzigo juu ya pingili hizo.

Ndiyo sababu baadhi ya magari huwa na egemeo la kiuno la umeme. Liko la aina mbili. La kwanza lina mota ndogo ndani ya kiti inayovuta waya, mfano wa waya wa breki ya baiskeli. Waya ukikaza, bamba lililo nyuma ya sponji hubinuka mbele na kujaza uwazi wa kiuno. La pili lina pampu inayojaza mfuko wa hewa. Swichi huwa ubavuni mwa kiti: nyingine husogeza egemeo mbele na nyuma tu, nyingine hulipandisha na kulishusha pia.

Kabla ya kutoa fedha, washa swichi ya gari, kaa, ubonyeze. Mota ikilia bila kiti kusogea, huenda waya umekatika au mfuko unavuja. Ukimya mtupu waweza kuwa wa fyuzi, swichi au mota yenyewe. Hiyo ni hoja halali ya kupunguziwa bei, kwani muuzaji ametangaza kiti cha umeme. Tahadhari: viti vingi vina mfuko wa usalama ubavuni, hivyo fundi asipasue kitambaa kwa kubahatisha wala kabla ya kutenganisha betri.

Wapo watakaosema hii ni anasa ya wakubwa. Hatukubaliani nao. Tajiri hubadilisha mafuta ya injini kwa tarehe, lakini dereva akilalamika kiuno huambiwa ajikaze. Dereva akilala kitandani wiki nzima, gari nalo limelala, na safari ya mteja imekwenda kwa mwingine.

Kifaa hiki hakitibu mgongo uliokwisha kuumia, na magari mengi ya kazi hayana. Kwa hayo, mto mdogo wa sufi au taulo lililokunjwa, likiwekwa usawa wa mkanda wa suruali, husaidia; na dereva ashuke kunyoosha miguu njiani. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na siku moja ya gari kusimama. Wenye magari wa Bagamoyo na Saadani waiingize katika hesabu zao za matengenezo.