Tuhesabu Watu, Tusihesabu Laini

Kila baada ya miezi mitatu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa takwimu za simu na intaneti, na kwa miaka mingi sasa takwimu hizo zimekuwa za kupanda. Mwisho wa mwaka 2022 laini za simu zilizokuwa zikitumika nchini zilipita milioni 60. Mwisho wa mwaka 2023 zilipita milioni 70. Nayo Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu sote, wa Bara na wa Visiwani, tukawa milioni 61.7, na kati ya hao wakaazi wa Zanzibar ni 1,889,773. Kwa hesabu hiyo laini zimekwisha kuwapita watu, na msomaji asiyechunguza anaweza kusema kwamba kazi ya kuwafikishia wananchi simu imekamilika, na kwamba kila mmoja wetu, hata mtoto mchanga, anayo yake.

Hapana asiyejua kwamba mambo sivyo yalivyo. Mfanyabiashara wa Darajani ana laini tatu, moja kwa kila kampuni, ili apate nafuu ya gharama na asikose wateja. Bibi kizee wa Kojani hana hata moja, na akitaka kusema na mwanawe aliyeko ng'ambo humngoja mjukuu arudi. Katika daftari la takwimu watu hawa wawili wana laini tatu, na wastani wao ni laini moja na nusu kwa kila mtu. Wastani huo ni sahihi kwa hesabu, lakini ni upotovu kwa maana.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kuwa daftari likiandikwa vibaya, mali hupotea vilevile, tena mwenyewe akidhani ameongeza. Ndiyo maana tunaonelea kwamba suala la namna ya kupima maendeleo ya mawasiliano halipaswi kuachiwa wataalamu peke yao. Ni suala la haki ya mwananchi, kwani kwa takwimu hizo ndipo huamuliwa wapi ujengwe mnara, nani asaidiwe, na huduma ipi ya Serikali iondolewe dirishani na kuingizwa katika simu.

Yafaa ikumbukwe kwamba visiwa vyetu si vigeni katika mambo haya. Mwaka 1879, katika zama za Sayyid Barghash, waya wa telegrafu ulipitishwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Lau angetokea mtu wakati ule akapima maendeleo kwa kutazama nyaya, angeiandika Zanzibar miongoni mwa nchi zilizo mbele. Lakini waya ule uliwahudumia watawala, mabalozi na matajiri wa biashara. Mkulima wa Makunduchi na mvuvi wa Micheweni hawakupata kwao hata neno moja. Somo lake lingalipo hadi leo: kupitiwa na waya si sawa na kufikiwa na waya.

Mataifa yaliyojipatia uhuru yalilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1982 mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, ulifanyika Nairobi, na hapo ikaundwa tume ya kuchunguza maendeleo ya simu ulimwenguni chini ya uenyekiti wa Sir Donald Maitland wa Uingereza. Tume hiyo ilitoa ripoti yake mwaka 1985. Ilieleza kwamba katika simu milioni 600 zilizokuwako duniani, robo tatu zilikuwa katika nchi 9 tu, na kwamba mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Tume ikaweka lengo kuwa mapema katika karne ya 21 karibu kila binadamu awe na simu mahali anapoweza kuifikia bila ya taabu.

Katika siku hizo kipimo kilikuwa chepesi: simu ngapi kwa kila watu 100. Simu ilikuwa chombo kilichofungwa ukutani au kuwekwa mezani, chenye waya wake na mwenye kulipia anayejulikana. Shirika la Posta na Simu lilijua kila simu iko wapi. Baada ya shirika hilo kugawanywa na simu za mkononi kuingia nchini katika miaka ya 1990, chombo kilibadilika ila kipimo kilibakia. Tuliendelea kugawanya idadi ya laini kwa idadi ya watu, ilhali laini haikuwa tena ya nyumba, wala ya ofisi, wala, mara nyengine, ya mtu aliyeandikishwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia kikomo chake Januari 2020, ulisaidia kuondoa laini zisizo na wenyewe. Hata hivyo, aghalabu jina lililo katika usajili ni la kijana mwenye kitambulisho cha Taifa, na anayeishika simu ni mzazi wake. Rejista humtaja aliyeandikisha, haimtaji anayetumia.

Si kwamba dunia haina vipimo vilivyo bora. ITU yenyewe hutofautisha laini ya intaneti na mtu anayetumia intaneti. Mtumiaji, kwa tafsiri yake, ni mtu aliyeingia katika mtandao walau mara moja katika miezi mitatu iliyopita, kwa chombo chochote na mahali popote, na idadi yake hupatikana kwa kuwauliza watu majumbani mwao. Laini za intaneti nchini, kwa takwimu za Mamlaka, zilikaribia milioni 36 mwisho wa mwaka 2023, na anayezigawanya kwa idadi ya watu hupata zaidi ya nusu ya Watanzania. Lakini makadirio ya kimataifa ya watu wenyewe wanaotumia intaneti nchini kwa miaka hiyo hayakufika nusu. Tofauti hiyo ni mamilioni ya wananchi, na daftari la laini haliwaoni.

Kadhalika, Malengo ya Maendeleo Endelevu ambayo mataifa yaliyaridhia mwaka 2015 yanataka mambo matatu yapimwe kila moja mbali: eneo lilifikiwaje na mtandao, watu wangapi wanautumia, na wanawake wangapi wanamiliki simu ya mkononi wakilinganishwa na wanaume. Hili la tatu lina uzito kwetu. Mdadisi akiuliza kama nyumba ina simu, jibu litakuwa ipo. Akiuliza simu ni ya nani, na inakuwa wapi mchana wakati mwenye nyumba yuko kazini, huenda akapata jibu jengine kabisa. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani, ambaye bei ya mazao yake hutajwa na mnunuzi, ndiye hasa mwenye haja ya kujua bei iliyoko kwengineko. Haifai ahesabiwe kuwa ana simu kwa sababu mumewe anayo.

Tuje kwenye eneo linalofikiwa na mtandao. Tunaposikia kwamba asilimia kubwa ya wananchi wamefikiwa, maana yake ni kwamba mawimbi ya mnara yanafika wanakoishi. Kipimo hiki huwahesabu watu pale wanapolala, hakiwahesabu pale wanapofanya kazi. Kwa mkaazi wa bara tofauti yaweza kuwa ndogo. Kwa mvuvi wa Nungwi au wa Tumbatu tofauti ni kubwa, kwa kuwa shamba lake ni bahari, na huko ndiko anakohitaji habari za upepo na msaada pindi chombo kinapoharibika. Tangu kuzama kwa MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, hapana Mzanzibari anayehitaji kuelezwa thamani ya habari inayofika upesi kutoka baharini. Nchi ya visiwa ingelikuwa na kipimo chake cha ziada: mawasiliano yanafika umbali gani kutoka ufukweni.

Suala la pili ni bei. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa ya mtandao wa kasi iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2025 gharama ya huduma ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lengo hilo ni jema, bali nalo limejengwa juu ya wastani. Mshahara wa mkurugenzi na kipato cha mchuma karafuu vikichanganywa chungu kimoja, hutoka pato ambalo si la yeyote kati yao. Kifurushi kinachoonekana rahisi kwa wastani kinaweza kumgharimu mwenye kipato kidogo chakula cha siku kadhaa. Kwa hivyo bei ipimwe kwa mfuko wa yule wa chini.

La tatu ni uimara wa huduma. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazotuunganisha na dunia, SEACOM na EASSy, ziliharibika, na intaneti ikadhoofika vibaya katika Tanzania na nchi jirani. Siku ile idadi ya laini haikupungua hata moja. Sisi wa Unguja tulikwisha kuonja zaidi ya hayo, pale waya wa umeme uliokuwa ukituhudumia tangu 1980 ulipotuacha gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa muda wa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Simu isiyo na umeme ni kipande cha plastiki, na mnara usio na mafuta ya jenereta ni chuma kilichosimama. Daftari la kweli lingeandika siku ambazo huduma ilikuwapo na siku ambazo haikuwapo, wilaya kwa wilaya.

La nne, na ndilo gumu kuliko yote, ni ujuzi. ITU ilipoanza mwaka 2009 kuchapisha kipimo chake cha jumla cha maendeleo ya mawasiliano, ujuzi ulipimwa kwa kutazama watu wangapi wanajua kusoma na vijana wangapi wako sekondari na vyuoni. Mtu alihesabiwa kuwa na ujuzi wa kompyuta kwa sababu yuko skuli, hata kama skuli hiyo haina kompyuta. Kipimo kipya cha mwaka 2023 kiliuacha ujuzi nje, kwa kuwa nchi nyingi hazina takwimu zake. Hapa ndipo pengo kubwa lilipo. Ulimwenguni kote watu wanaoishi chini ya mawimbi ya mtandao na wasiutumie ni wengi mno kuliko wale ambao mtandao haujawafikia. Mnara pekee hauwezi kuliziba pengo hilo. Litazibwa kwa mafunzo, kwa bei nafuu, na kwa huduma zinazosemwa kwa Kiswahili ambacho mwananchi anakifahamu.

Yapo maneno ya upande wa pili, nayo yana haki ya kusikilizwa. Kuhesabu laini ni rahisi: makampuni huzijua laini zao na hupeleka idadi kila robo mwaka. Kuwauliza watu majumbani kunahitaji wadadisi, nauli na muda, na Serikali ina mahitaji mengi. Ni kweli pia kwamba kupanda kwa laini si jambo la bure. Kuna watu wengi leo wanaopokea fedha na salamu kwa simu, ambao wazee wao walisafiri siku nzima kufuata barua. Maendeleo hayo hatuyakani. Tunachosema ni kwamba kipimo rahisi kisichukue nafasi ya kipimo cha kweli, hasa pale maamuzi yanapowagusa wanyonge.

Na maamuzi hayo yanafanyika sasa. Malipo ya Serikali, leseni, maombi ya kazi na matangazo mengi yanaelekea katika mtandao. Hatua hiyo ina manufaa, kwani hupunguza safari na mianya ya rushwa. Lakini chukua mfano wa Pensheni Jamii, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Afisa akisoma kwamba laini zimezidi watu, ataona si vibaya kumtaka mzee apokee au athibitishe haki yake kwa simu. Mzee asiye na simu hatalalamika katika mtandao kwamba hana mtandao. Atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaandikwa kuwa ni kuridhika.

Kwa hayo yote tunatoa rai tatu. Kwanza, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali iingize katika tafiti zake za kaya maswali yanayomlenga mtu mmoja mmoja, mwanamke na mwanamme, kijana na mzee: una simu yako mwenyewe, uliitumia intaneti lini mara ya mwisho, na kilichokuzuia ni nini. Pili, posta na simu ni jambo la Muungano, lakini kuwajua watu wa shehia ni kazi ya masheha wetu. Mamlaka ya Mawasiliano, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zikae pamoja ili takwimu zishuke hadi shehia na visiwa vidogo, nazo zitangazwe hadharani. Tatu, huduma yoyote ya Serikali isiondolewe dirishani kabla ya kujulikana, kwa hesabu ya watu, ni wangapi watakaobaki nje, na njia yao itakuwa ipi.

Waheshimiwa Wawakilishi wana nafasi ya kuyauliza haya katika Baraza, na wananchi wana haki ya kuyasikia majibu. Takwimu ya kupanda humfurahisha kila kiongozi, nasi hatuna kinyongo na furaha hiyo. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa ya mawasiliano yetu itastahiki siku ambayo yule bibi wa Kojani naye ataandikwa daftarini kwa nafsi yake.