Tupunge Upepo Kwetu

Kaskazi imeshika. Hapa Gombani, kisiwani Pemba, ukipita karibu na uwanja wa mpira saa nane za mchana, lami inachoma hadi juu ya ndara, na mabati ya nyumba mpya yanamweka hata macho yanauma. Wenye nyumba hizo wamo ndani: madirisha wamefunga, mapazia mazito wameteremsha, feni inawazungushia joto lile lile. Wasiokuwa na nyumba mpya wako nje chini ya mwembe, wamekaa juu ya jamvi, wanakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Mimi, ndugu msomaji, ni katika wenye nyumba mpya. Na saa nane hiyo naufunga mlango wangu, nakwenda kujikaribisha kwa jirani mwenye mwembe.

Sababu yake nitaisema, ingawa inaniaibisha. Uani kwangu palikuwa na mlangilangi alioupanda marehemu mama. Jioni harufu yake ilikuwa ikifika barabarani, na watoto wa kike wa mtaa mzima walikuwa wakija kuomba maua ya vikuba vyao siku za harusi. Nikasafiri Maskati, nikakaa kwa ndugu zangu miezi mitatu, nikarudi na kichwa kimejaa nyumba za watu. Fundi akaniambia mizizi ya mti itapasua msingi. Nikaukata. Nikaumwagia ua wote zege, kutoka mlango wa jikoni hadi ukutani, nikaona nimestaarabika. Fundi akapata ujira wake, mimi nikapata tanuri. Zege lile linakunywa jua mchana kutwa, na usiku linalitapika kidogo kidogo mpaka karibu na alfajiri.

Silaumu safari. Safari ni mwalimu mzuri, ila wanafunzi wake wengi ni watoro. Tazama tunachorudi nacho kutoka Dubai, Maskati, Mombasa na Dar es Salaam: makochi makubwa yanayoachwa na nailoni yake ili yasichafuke, hata mgeni akiinuka mapaja yanabaki yamegandia, taa za vioo zinazoning'inia, maua ya plastiki yanayohitaji kupanguswa vumbi. Lakini huko Dubai penyewe, kandokando ya hori, katika mtaa wa kale wa Bastakiya, zipo nyumba zenye minara mifupi iliyo wazi pande zote nne. Wenyewe huiita barjil. Kazi yake ni kuudaka upepo juu ya paa na kuushusha chumbani. Walioijenga walikuwa na joto kubwa kuliko letu na hawakuwa na umeme. Nimekwishaona wasafiri wengi waliorudi na taa ya Dubai. Bado sijamwona aliyerudi na habari ya barjil.

Wazee wetu hawakusafiri hivyo. Mkarafuu, ambao bila ya huo Pemba isingekuwa Pemba, asili yake ni visiwa vya Maluku huko mashariki ya mbali. Ulipitia Mauritius na kisiwa cha Bourbon, ukaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, mzigo ukahamia kwetu, na hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kisiwa hiki. Mwembe ulitoka Bara Hindi, na mfenesi pia. Mshokishoki ulitoka nchi za Malai. Huo mlangilangi nilioukata, kwao ni upande wa Ufilipino. Hata mnazi, ambao tunauona kama tumezaliwa nao tumbo moja, uliletwa na mawimbi na majahazi. Waarabu walikiita kisiwa hiki Jazirat al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na kwa kweli kijani chetu sehemu kubwa ni mizigo ya wasafiri. Mtu alikwenda mbali, akaonja tunda, akalala chini ya mti, akasema: hili nalitaka kwetu. Alirudi na mbegu.

Wala starehe ya kupunga upepo si ya maskini asiye na kiyoyozi, kama baadhi yetu tunavyodhani. Bibi Salme binti Said, aliyekwenda Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, ameieleza nyumba ya baba yake ya Bet el Mtoni, na bendile yake, yaani baraza kubwa iliyoelekea baharini. Baba huyo, Sayyid Said, alikuwa na milki ya Oman na pwani hii yote. Angeweza kujifungia nyuma ya mapazia kumi. Lakini alikuwa akikaa pale barazani akitazama bahari, akinywa kahawa.

Na leo je? Nenda upande wa Wambaa, ukafikirie hoteli ya Fundu Lagoon, ambayo mgeni huifikia kwa boti. Vyumba vyake ni mahema chini ya mapaa ya makuti. Wageni wanatoka Ulaya, wanalipa dola kwa mamia kwa usiku mmoja, ili walale chini ya paa ambalo sisi tumeliteremsha kwa haya na kuweka bati. Sisemi turudi sote kwenye makuti. Makuti yana gharama yake ya kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moto hauchezi nayo. Nasema tu kwamba yule mgeni hakuja kununua umaskini wetu. Amenunua kivuli, upepo, na mahali pa kunyoosha miguu. Vitu hivyo vitatu hapa Gombani vilikuwa bure, nasi tumelipa fedha kuviondoa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema. Sisi mbacha tumeuchoma moto kabisa.

Kuna jambo moja linanikera kuliko yote, nalo ni hii miashoki. Kila nyumba mpya lazima iwe na miashoki miwili mlangoni, imesimama kama askari wa zamu, kivuli chake hakimtoshi paka. Na huku katika msitu wa Ngezi, kaskazini ya kisiwa hiki, kuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili hauoti mahali pengine popote duniani isipokuwa Pemba. Hutoa mashina kadhaa kwa pamoja, membamba, yenye pete pete, na matunda yake yakiiva huwa mekundu. Wapenzi wa miti ya mapambo huko Florida na Hawaii wameuotesha katika bustani zao. Mmarekani ana mpapindi uani kwake, na Mpemba wa Gombani hana! Nikisema hivyo sina maana twende Ngezi na majembe; ule ni msitu wa hifadhi, na mti wenyewe si mwingi. Idara ya misitu na walio na vitalu vya miche ndio wa kuombwa watuoteshee kwa mbegu, na mimi nawaomba hapa hapa.

Basi tufanye nini? Mwenye kujenga, kabla hajamwita fundi, na awashe udi katikati ya kiwanja saa tisa za mchana, autazame moshi unakokwenda. Miezi hii utaelekea kusini-magharibi, kwa kuwa upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Ukija mwezi wa Juni, moshi utageuka, kwa kuwa kusi imeingia. Pande hizo mbili ndizo za kuachiwa madirisha makubwa na baraza. Kwingine ziba utakavyo. Sisi tuliokwisha kujenga tunaweza kuvunja zege, angalau hatua nne kwa nne, ardhi ipumue. Hapo panda mti mmoja wa kivuli, hatua kumi kutoka ukutani ukinafasika: mwembe, mkungu, au huo mlangilangi. Anayeogopa kuangukiwa akumbuke kwamba wenye mashamba ya langilangi huukata kilele mti ukatanda chini, ili maua yachumwe bila ya kupanda. Chini yake weka mrehani, mwasumini na mkilua, na mchaichai karibu na mlango wa jikoni. Usinunue kochi la nje. Nunua jamvi la miyaa na mkeka wa ukindu kwa wanawake wetu wanaosuka ukili, ambao mikono yao inataka soko.

Najua nitajibiwa. Mmoja atasema sakafu ya uani ni ya kuanikia karafuu. Ndugu yangu, karafuu nzuri huanikwa juu ya jamvi, nawe unajua, na zile za sakafuni huokota mchanga na takataka. Mwengine atasema miti inaleta mbu. Mbu wanaletwa na kifuu kilichojaa maji, ndoo iliyopasuka na gurudumu bovu nyuma ya choo. Fagia, pindua, mwaga. Wa tatu atataja stara, na huyu namheshimu, kwa kuwa mke na binti hawawezi kukaa uani wakitazamwa na wapita njia. Lakini stara haikuanza na ukuta wa matofali. Ua wa makuti ya kumba unasitiri na bado unapitisha upepo, jambo ambalo matofali hayajui.

Hayo yote yanaweza kufanywa kwa fedha ndogo kuliko ya taa moja ya Dubai.

Mimi nimeanza. Juzi nimeazima nyundo nikavunja zege mahali pale pale ulipokuwa mlangilangi wa mama, na chini yake nimekuta udongo bado mweusi. Shimo nimelichimba dhiraa moja kwenda chini, nimelijaza samadi na majani makavu, linangoja. Mvua za masika huingia mwezi wa Machi. Anayetaka mche wa mrehani au kikonyo cha mwasumini na aje kwangu, sitaki malipo. Ila aje jioni, kwa sababu saa nane za mchana bado niko kwa jirani.