AFYA YA FAMILIA: Maji ya Magotini Humwangusha Mtu Mzima



Masika moja tulimpokea wodini mama aliyekuwa akimpeleka mwanawe kliniki. Alimfunga mgongoni, akaingia mtoni mahali alipozoea kuvuka. Alipofika katikati akateleza, maji yakamchukua. Vijana waliokuwa ng'ambo waliwaopoa wote wawili, mtoto akiwa amekunywa maji mengi. Tunamshukuru Mungu, walipona. Lakini hatujasahau alivyotuambia: "Nesi, maji hayakufika hata kiunoni. Sijui nimeangukaje."

Leo tulijibu swali hilo, maana sisi wa Morogoro tunaishi chini ya milima ya Uluguru, na mito yake tunaivuka kila siku.

Kwanza, maji hunyanyua. Kila aliyechota maji kisimani anajua: ndoo ikiwa bado ndani ya maji ni nyepesi, ikitoka tu mkono unalemewa. Kitu kikiingia majini husukuma maji pembeni, na uzito wa maji hayo ndiyo nguvu inayokinyanyua. Lita moja ya maji ina kilo moja. Basi mama wa kilo 60 akiingia hadi kiunoni, maji hubeba karibu nusu ya uzito wake. Hujiona mwepesi, kumbe nyayo hazishiki tena chini sawasawa.

Pili, maji husukuma. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Kitenge nacho hutanda majini kama tanga na kuipokea nguvu hiyo. Kwa hiyo maji ya magotini yaendayo mbio huweza kumwangusha mtu mzima. Wenzetu wa Kilosa waliona mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yalipoharibu hata njia ya reli.

Basi tushike haya:

1. Mjini kunaweza kuwa na jua huku mlimani mvua inanyesha. Maji yakibadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au ukisikia mngurumo, toka mtoni mara moja.

2. Tusivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa machache. Tuzunguke hadi darajani, au tusubiri. Mito ya mlimani hujaa upesi, na mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kliniki ya leo inaweza kuwa ya kesho.

3. Watoto wa shule tuwaambie hivyo hivyo, wasije wakaogopa fimbo ya kuchelewa kuliko mto.

4. Mtoto aliyezama, hata akiwa anakohoa na kulia, apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Tumkumbuke mama yake Musa. Alikipaka kisafina lami ili maji yasiingie, kikaelea. Wala hakukiweka katikati ya mto. Alikiweka kwenye majani, kando, ambako maji hayana mbio. Imani yake ilikuwa kubwa, na bado alichagua mahali. Nasi tuombe, kisha tupite darajani.