Kumwombea mtoto na kumpa dawa havigombani

Saa nane usiku mtoto alimwamsha mama yake akasema anasikia baridi. Usiku ule hapakuwa na baridi jijini Mwanza. Mama alimgusa shingoni, akawasha taa, akatafuta kipima joto kwenye droo. Kilisoma 39.1. Juu ya kabati, ndani ya bahasha ya khaki, vidonge vya mtoto vilikuwa vimekaa siku 24 bila kuguswa. Alivipandisha mwenyewe Jumapili jioni, aliporudi kutoka kwenye ibada.

Mtoto ana miaka saba na ana selimundu. Aligundulika kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba kila mara na watu kumwambia mama kwamba ni baridi tu, ampake mafuta. Tangu hapo maisha ya nyumba hiyo yamepangwa kwa kalenda ya kliniki. Ni asidi ya foliki kila siku, haidroksiyurea kila siku, chandarua, maji mengi na sweta msimu wa kipupwe. Mama anauza dagaa sokoni, baba ni fundi magari. Wote wawili ni waumini wa kanisa moja la jirani, mama ni wa kwaya.

Kanisani hakuna aliyemlazimisha. Hilo lazima lisemwe, maana habari za namna hii zikisimuliwa huwa zinatafuta mtu mbaya wa kubebeshwa. Kiongozi wa maombi, mama wa makamo, ndiye aliyempelekea uji wodini mtoto alipolazwa mwaka wa nyuma yake, na ndiye aliyepitisha bakuli la mchango wa nauli. Siku hiyo, baada ya maombi ya kufunga, alimshika mkono akamwambia kwa upole: “Mwanangu, huwezi kumwambia Mungu unamwamini huku mkono mmoja umeshika kopo la dawa. Achilia.”

Alikuwa anamaanisha alichosema. Na mama alikuwa amechoka. Uchovu wa mzazi mwenye mtoto wa ugonjwa wa kudumu hauonekani kwenye kipimo chochote cha maabara. Ni uchovu wa kuhesabu vidonge na nauli, wa kuona simu ya mwalimu ikiita saa nne asubuhi na kujua kabla ya kupokea kwamba maumivu yameanza. Mtu aliyechoka hivyo akiambiwa kuna mlango wa kutokea, hauulizi mlango umetengenezwa na nani.

Wiki ya kwanza mtoto alikuwa mzima. Ya pili pia. Siku ya ibada mama alikaribia kusimama kutoa ushuhuda, akajizuia, hajui kwa nini.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mlezi wa mtoto mwenye selimundu anapaswa kulijua. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa huu huishi takriban siku 120. Za mtoto mwenye selimundu hujikunja mfano wa mundu, ndiyo asili ya jina lenyewe, na huishi siku kati ya 10 na 20 hivi. Zikijikunja hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali hutokea. Kiungo kimojawapo kinachoumia mapema ni bandama, na bandama ndiyo inayosaidia kukamata bakteria kwenye damu. Kwa hiyo homa ambayo kwa mtoto wa jirani ingesubiri asubuhi, kwa mtoto huyu haisubiri. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheza.

Ndiyo sababu watoto wenye selimundu walio chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba dawa hiyo ya bei ndogo ilipunguza maambukizi ya bakteria wa nimonia kwenye damu kwa asilimia 84. Haidroksiyurea nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika, wa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Dawa hiyo haiponyi, na anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara. Lakini inampa mtoto miaka, na miaka ndiyo anayoomba kila mama akipiga magoti. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, kwa hiyo magoti ni mengi.

Usiku ule baba alikimbia kumwamsha dereva wa bajaji wa mtaani. Mtoto alilazwa siku sita kwa nimonia, akachomwa sindano za antibiotiki, akaongezewa damu. Daktari wa zamu, binti mdogo tu, alimwuliza mama dawa ziliachwa lini, akaandika tarehe, hakumgombeza. Alisema kwamba hakuna anayeweza kuapa kuwa siku 24 zile ndizo zilizoleta nimonia. Watoto wenye selimundu huugua hata wakiwa kwenye dawa. Kisha akaongeza: “Ila mama, tusimpunguzie kinga aliyonayo.”

Wodini mama alikuwa na Biblia, na siku sita ni nyingi. Watu wanaowaambia wagonjwa waache dawa hupenda kisa cha mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga asipone. Ni kweli kisa kipo. Lakini Yesu hakumkemea mwanamke yule kwa kwenda kutibiwa. Na kwingine Biblia haina aibu na tiba. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akajibiwa kwamba ataishi, kisha Isaya akaagiza liletwe andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Jibu la maombi lilikuja, na dawa ikapakwa. Msamaria Mwema alimwaga mafuta na divai kwenye majeraha kabla ya kumpandisha majeruhi kwenye mnyama. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na katika safari zake aliandamana na Luka, aliyekuwa tabibu.

Kisa kilichomgusa zaidi mama yule hakikuwa cha uponyaji hata kidogo. Ni kile cha Yesu kupandishwa juu ya mnara wa hekalu, akaambiwa ajitupe chini, maana malaika watamdaka. Ukikisoma haraka, kujitupa kunaonekana ndiyo imani kubwa kuliko zote. Yesu alikataa, akasema hilo ni kumjaribu Mungu. Mama alikaa na sura hiyo kwa muda mrefu, mkono mmoja umeshika kidole cha mtoto chenye mpira wa dripu. Aliona kwamba vidonge vya juu ya kabati vilikuwa mnara wake, tena aliyekuwa anatupwa chini si yeye, ni mtoto.

Hapo kuna tofauti ambayo wahubiri wachache huipa nafasi. Mtu mzima anaweza kuamua juu ya mwili wake, akajibu mwenyewe. Mtoto wa miaka saba hajafunga, hajaweka nadhiri, hajui amewekewa rehani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja huduma ya matibabu miongoni mwa wajibu wa mzazi, pamoja na chakula, malazi na elimu. Na makanisa yenyewe yamekuwa yakilijua hilo kwa vitendo. Bugando ya Mwanza ni hospitali ya Kanisa Katoliki. KCMC ya Moshi imekua mikononi mwa Walutheri. Peramiho, Ndanda, Haydom, zote zimeanzia kwa wamisionari. Ingekuwa dawa ni kinyume cha imani, wangejenga makanisa tu wakaokoa gharama.

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Sh500. Walikwenda wenye madaraka na wasio nacho, wasomi na wasiojua kusoma. Anayewacheka leo hajawahi kukaa na mgonjwa wake usiku kucha. Tumaini si kosa. Kosa huanza pale mgonjwa anapotakiwa kulipia tumaini hilo kwa dawa inayomweka hai.

Baada ya kutoka hospitali, jaribu la pili lilitoka upande mwingine kabisa. Lilitoka ukweni. Kwa miaka sita ndugu wa baba walikuwa wakisema, si kwa kificho sana, kwamba ugonjwa umeletwa na damu ya mke. “Kwetu haupo,” ndiyo ilikuwa kauli. Mama alizoea kunyamaza. Baba naye alinyamaza, na kimya chake kiliuma kuliko maneno ya mawifi.

Ukweli wa vinasaba hauna upande. Mtoto hupata selimundu anaporithi kinasaba kimoja kwa mama na kingine kwa baba. Mwenye kimoja tu huwa mzima, anabeba zege, anacheza mpira, anazeeka bila kujua. Wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Ni kila mimba, si mtoto mmoja kati ya wanne kwa zamu, kama wengine wanavyodhani wakishapata wa kwanza.

Baba alipima. Kisha akafanya jambo ambalo kwa mwanaume mbele ya mama yake mzazi si dogo. Alikwenda kijijini Jumamosi, akamkuta mama yake anachambua mchele, akaketi, akasema: “Mama, shikamoo. Nimepima damu. Ninacho mimi pia. Nimekipata kwako au kwa marehemu baba.”

Bibi aliendelea kuchambua mchele. Muda ulipita. Hatimaye akauliza kama wadogo zake nao wapimwe, hasa yule anayetaka kuoa mwakani. Kuhusu mkwe wake hakusema kitu siku hiyo, lakini baba alipoondoka alipewa kuku wawili na maelekezo kwamba ni wa mama wa mtoto.

Ujasiri wa Kikristo huhubiriwa mara nyingi kwa habari za tundu la simba na tanuru la moto. Wale vijana watatu wa tanuru walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Sehemu hiyo ya “hata asipo” ndiyo ngumu kwa mzazi. Kumtumaini Mungu bila kumpa masharti, huku ukijua kwamba homa inaweza kurudi wiki ijayo. Mama yule anasema sala yake imebadilika. Zamani ilikuwa ya mkataba: nimefunga, nimetoa, nimeacha dawa, sasa fanya. Siku hizi anaomba mtoto apone, anaomba waziwazi bila kuona haya, kisha anaomba yeye mwenyewe asichoke kabla ya Alhamisi ya kliniki.

Kurudi kwa kiongozi wa maombi kulimgharimu zaidi ya alivyotarajia. Alichelewa wiki mbili. Mwishowe alimfuata nyumbani mchana, akakaribishwa chai. Alimweleza yote, mnara na dripu na tarehe ile ambayo daktari aliandika. Alisema: “Mama, sijaacha kuamini. Nimekuja kukuomba uendelee kumwombea, ila dawa simwachishi tena.”

Mwenyeji wake alinyamaza, akainuka kwenda chumbani. Alirudi na kopo dogo akaliweka mezani kati ya vikombe. Vilikuwa vidonge vyake vya presha. Anavitumia miaka minne, na kanisani hajui mtu. “Hivi nilikuwa naviita vya kawaida,” alisema.

Hawakujadiliana sana baada ya hapo. Waliomba, chai ikapoa. Yapo makanisa ambayo yamekwenda mbali zaidi ya hapo. Wachumba hutakiwa kupima VVU kabla ya ndoa kutangazwa, jambo ambalo sasa halimshangazi mtu. Kipimo cha selimundu kingeweza kuongezwa kwenye somo hilohilo la ndoa, si kwa ajili ya kuvunja uchumba, bali wawili waingie wakijua, na mtoto akizaliwa apimwe mapema badala ya kusubiri vidole vivimbe. Mchungaji wa kanisa hilo ameambiwa. Amesema atalipeleka kwa wazee.

Vidonge vimeshushwa kutoka juu ya kabati. Viko kwenye meza ya chakula, kando ya kikombe cha plastiki cha bluu. Asubuhi mtoto huombea uji na kidonge kwa pamoja, haraka haraka, maana anachelewa shule. Jumapili iliyopita alikwenda na chupa yake ya maji kanisani, akaruhusiwa kunywa katikati ya mahubiri. Kliniki ni Alhamisi saa mbili asubuhi, na jioni yake kuna mazoezi ya kwaya. Mama ameshaomba ruhusa achelewe.