Wameunganisha majina ya masomo, walimu je?

Wale mnaojiandaa kwenda TP someni hii mpaka mwisho, maana inatuhusu sisi kabla haijamhusu waziri.

Siku hizi kwenye lekcha za elimu kuna neno linatamba kweli kweli: mtaala mtambuka. Kwa Kiswahili cha kimbwetani, maana yake ni kwamba mwanafunzi asisome Fizikia kama vile Jiografia haipo duniani. Masomo yakutane, yasaidiane kujibu swali la maisha. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ubishi wangu ni kwamba hapa kwetu kila tukijaribu, tunaunganisha majina ya masomo halafu walimu tunawaacha kila mtu kwenye kona yake. Ndiyo maana haishiki.

Tuangalie tulikotoka. Marehemu Joseph Mungai alipokuwa Waziri wa Elimu (2000 hadi 2005), Fizikia na Kemia za sekondari ziliunganishwa kuwa somo moja. Kelele zilikuwa nyingi na mpango haukudumu, masomo yakatenganishwa tena. Watu wanalaumu wazo, lakini jiulize: mwalimu aliyesomea Kemia na Baiolojia, umeme na mwendo atavifundishaje kesho asubuhi kwa sababu tu waraka umefika?

Rika letu tuna mfano wetu. Shule ya msingi tulisoma Uraia, Historia na Jiografia, vitabu vitatu na vipindi vitatu. Mtihani wa darasa la saba ukaja karatasi moja, Maarifa ya Jamii. Umefungua ndani unakuta nini? Sehemu ya Uraia, sehemu ya Historia, sehemu ya Jiografia. Yaani ni kabati moja lenye droo tatu, hakuna droo inayojua iliyo jirani yake ina nini! Na sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024, yenye masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Majina mazuri. Lakini neno "na" peke yake halijawahi kufundisha mtu.

Sasa mtambuka wa kweli unakuwaje? Hatuna haja ya kwenda Ulaya kuutafuta, tupande tu huku juu, Kibosho, Old Moshi, Marangu. Kuna ile mifereji ya asili ya Wachagga, mifongo. Inachukua maji juu kwenye korongo la mto, inayatembeza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana mpaka yanafika vihambani, kwenye migomba na kahawa. Mteremko ukizidi maji yanakula udongo, ukipungua yanasimama. Hiyo ni Hisabati na Fizikia. Watu wana zamu za maji, wana siku ya kusafisha mfereji, na asiyetokea anatozwa faini. Hiyo ni Uraia. Mifongo ilikuwepo kabla Wajerumani hawajaja, hiyo ni Historia. Na kihamba chenyewe, miti juu, migomba katikati, kahawa chini yake, ni Baiolojia tupu.

Chukua swali moja tu ulipeleke kidato cha pili: kwa nini maji ya mfereji yanapungua? Wengi watajibu haraka: theluji ya Kilimanjaro inayeyuka. Ni kweli barafu inaisha. Kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya barafu ya kileleni ilitoweka. Lakini maji ya mito yetu hayategemei barafu ile kwa kiasi kikubwa. Kileleni ni pakavu, karibu na jangwa. Mvua nyingi inanyesha kwenye ukanda wa msitu, na huko ndiko maji yanakozama ardhini na kutoka kama chemchemi. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umepunguza sana msitu wa juu, na msitu ule ulikuwa unanasa maji ya ukungu. Ongeza idadi ya watu, ongeza matumizi ya mjini, ongeza mashamba ya mpunga huko Chekereni na Mabogini kwenye mradi wa Lower Moshi uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Maji ni hayo hayo, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ndiyo inayotoa vibali.

Mnaona sasa? Mwalimu wa Jiografia akiwa peke yake ataishia kwenye barafu. Wa Baiolojia ataishia kwenye msitu. Wa Uraia ataishia kwenye kibali. Kila mmoja yuko sahihi nusu, na mtoto wa Kibosho anatoka shule hajui kwa nini mama yake anagombania zamu ya maji. Hilo ndilo linaloniuma. Mtoto huyo akija kuwa diwani atapiga kelele za theluji wakati msitu unaungua.

Tusimwangushie mwalimu wa kijijini jumba bovu, tujiangalie sisi huku chuoni. Tunasomea masomo mawili ya kufundishia, na kila somo lina kozi yake ya mbinu, lekchara wake na madesa yake. Jamaa wa Kemia tunakutana naye kwenye DS na kozi za misingi ya elimu, tena ukumbi umejaa hata kusalimiana shida. Kwenye TP supavaiza anakuja kukaa nyuma ya darasa, anakagua azimio la kazi na andalio la somo LAKO, somo moja, dakika 40, anajaza fomu anaondoka. Hakuna alama hata moja ya kuandaa kipindi na mwenzako. Halafu tukiajiriwa tunaambiwa fundisheni kwa mtambuka. Tutautoa wapi?

Mapendekezo yangu hayahitaji hela za wafadhili. Kwanza, wanachuo wawili wa masomo tofauti walioangukia shule moja ya TP waandae angalau vipindi viwili kwa pamoja, wasimame wote darasani, na supavaiza awape alama. Pili, shule iweke vipindi vya masomo mawili vifuatane mara moja kwa mwezi ili walimu wawili wapate dakika 80 za swali moja. Tatu, na hili ndilo zito, mtihani uulize. Mwanafunzi wa Tanzania anasoma kinachotoka kwenye mtihani, tusidanganyane. Swali moja tu linalotaka grafu ya mvua pamoja na sheria ya maji litabadilisha ufundishaji kuliko semina kumi.

Najua mtasema walimu wenyewe hawatoshi, shule ya kata ina mwalimu mmoja wa Fizikia na madarasa yamefurika. Kweli kabisa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutomtwika huyo mmoja somo jingine kwa jina jipya. Kukaa na mwenzake nusu saa staff wakapanga kipindi kimoja ni mzigo mwepesi zaidi. Wengine watasema mshika mawili moja humponyoka, kina kitapotea. Methali hiyo inamhusu mtu mmoja mwenye vitu viwili. Mimi nasema watu wawili, kila mmoja ashike chake vizuri, ila wasimame darasa moja.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Shule nyingi zikabaki na shamba, somo likapotea, na jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Elimu ya amali tunayoianza sasa inaweza kwenda njia hiyo hiyo kama mwalimu wa amali na wa Hisabati hawajuani.

Kwa hiyo wana-elimu wenzangu, tusisubiri waraka. Orodha ya shule za TP ikitoka, tafuta nani mwingine amepangiwa shule yako na anafundisha nini. Mtafuteni mapema, mkubaliane swali moja la pale pale kijijini, mfundishe pamoja hata kama hakuna alama.

Nawasilisha.