Simu Yake, Ufunguo Wao

Jambo hili nimebishana nalo na watu wa nyumbani kwangu tangu masika yaliyopita, na kwa kuwa barazani sikupewa nafasi ya kumaliza, nitamalizia hapa. Nasema kwamba simu ya mkopo, hii inayolipiwa kidogo kidogo kila siku, ni mali ya muuzaji ambayo mnunuzi amepangishwa tu, kama chumba.

Mpwa wangu ni dereva wa bodaboda hapa Tanga. Alipotaka simu ya kupangusa, mimi ndiye niliyempa kianzio, shilingi 60,000, tena kwa furaha. Iliyobaki ilikuwa shilingi 1,200 kila siku kwa mwaka mmoja. "Mjomba, ni bei ya chai na chapati," aliniambia, nami nikacheka. Sikushika kalamu. Siku niliyoishika nikakuta kwamba 1,200 mara siku 365 ni 438,000, na ukijumlisha kianzio unapata 498,000. Simu ile ile kwa taslimu ilikuwa 290,000. Tofauti hiyo ya 208,000 ni kodi ya chumba chake ya miezi mitano. Kibao cha dukani kilikuwa na ile 1,200 kwa tarakimu za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. 498,000 haikuandikwa popote.

Hata hivyo, fedha siyo iliyonikera zaidi. Masika yale mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na bodaboda nani atapanda? Siku ya nne jua likatoka, kazi ikarudi, simu ikawa imefungwa. Ndani yake mna programu inayotawala zote nyingine: siku ya malipo ikipita, kioo kinabaki na ujumbe wa deni tu, na hata ukifuta kila kitu simu ianze upya kama ilivyotoka kiwandani, kufuli linarudi pale pale. Walimu wawili na mama mmoja wa sokoni, wateja wake wa kila asubuhi, walimpigia wasimpate, wakapanda kwa mwingine. Yule mama hakurudi tena. Basi niambie, mdaiwa atapata wapi ya kulipa ikiwa chombo chake cha kutafutia ndicho kilichozuiwa? Mdai wa zamani alikuja mlangoni, ukamwonyesha mvua, mkaelewana. Huyu wa sasa hana uso, wala hajui masika ni nini.

Watanijibu kwamba maskini hana 290,000 mkononi. Kweli, hana, na najua pia wapo wanaotoroka na simu za watu. Hata Uingereza wengi huchukua simu kwa mkataba wa miezi 24. Lakini huko, tangu Desemba 2021, kampuni za mitandao zimekatazwa kuuza simu iliyofungiwa mtandao mmoja. Yaani kufuli dogo vile, la kukuzuia tu usihamie kwa jirani, lilionekana linambana mteja kupita kiasi; sisi tunapokea la kuzima simu nzima, na asante tunatoa.

Tena ile 1,200 ya kila siku mpwa wangu alikuwa nayo! Kwa kianzio changu na 1,200 hizo hizo katika upatu wa kijiweni kwao, angefikisha 290,000 kwa siku 192, miezi sita na siku chache, huku akitumia kitochi. Na mvua ikinyesha siku tatu, wanaupatu wenzake wangeloa pamoja naye, wasingehitaji kuelezwa.

Sasa amebakiwa na siku 97. Kitochi changu amekichukua yeye, anatia laini yake humo kila simu ile inapofungwa. Mimi nikitaka kumpigia mtu naazima ya mke wangu.